Vijana wa Mwanza wanapanda basi baada ya kupiga hesabu, sio kwa tamaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake mliitoa wiki mbili zilizopita, yule aliyesema vijana wa Kanda ya Ziwa wameingiwa na tamaa ya mishahara ya Dar na akataka serikali iweke watu stendi wawarudishe vijijini wakalime. Imeniuma sana. Hao vijana mimi ndo nawakatiaga tiketi, mimi ndo naongea nao kabla hawajapanda, huu ni mwaka wa kumi na nne niko dirishani stendi ya Nyegezi, na nadhani huyu ndugu hajawahi kukaa na hata mmoja wao akamsikiliza.

Kwanza kabisa wengi hawaendi Dar. Watu wanaona yale mabasi makubwa ya alfajiri yamejaa wanadhani nchi nzima inahamia pwani, hawaangalii kosta na haisi za Sengerema, Geita, Katoro, Kahama na Shinyanga ambazo zinapakia kutoka giza la asubuhi mpaka giza la jioni, na hapo sijawagusa wa Magu, Bariadi na Musoma ambao wao wanapandia Nyamhongolo upande wa pili wa mji. Hao wa karibu ndo wengi. Na ukiwaangalia vizuri wengi ni mabinti, binti anatoka Misungwi anaenda kukaa na dada yake Kahama auze mgahawani, mwingine katoka visiwani na boti kaja kulea mtoto wa mtu Buhongwa, hawa hawaandikwi magazetini kwasababu hawaendi mbali.

Mimi kidato cha tano na sita nilisoma HGE, yaani historia, jiografia na uchumi, na kuna jina moja la kwenye jiografia halijawahi kunitoka, Ravenstein. Mjerumani aliyeishi Uingereza, mwaka 1885 alichukua takwimu za sensa ya 1881 ya kule akaona kwamba wahamaji wengi wanaenda umbali mfupi tu, wanaoenda mbali wanakimbilia kwenye miji mikubwa ya biashara na viwanda, na wanawake wanahama kuliko wanaume ila kwa safari fupi. Tulivyokuwa tunakariri niliona ni mambo ya Wazungu wa zamani. Halafu nikaja kukaa dirishani Nyegezi nikayaona yote yanapita mbele yangu na mabegi kichwani. (Ni huyu huyu aliyechora ramani kubwa ya Afrika Mashariki miaka ya 1880 na ziwa letu likiwemo, kwahiyo huku kwetu alikuwa anakujua japo kwenye karatasi.)

Sasa twende kwenye mshahara maana ndo ulioleta ugomvi.

Mwezi wa pili mtoto wa dada yangu alikuja dirishani anataka siti ya Dar. Kijana wa miaka ishirini na mbili, ana nguvu, hapa Mwanza alikuwa anapakia mizigo Igoma kwa elfu nane kwa siku. Rafiki yake yuko Dar kampigia simu, huku store wanatoa elfu kumi na mbili njoo. Nikamwambia mjomba kaa hapo kwenye benchi, abiria wakipungua tunaongea. Nikageuza karatasi ya orodha ya abiria tukaanza kuandika. Siku ishirini na sita mara elfu nane ni laki mbili na elfu nane, mara elfu kumi na mbili ni laki tatu na elfu kumi na mbili. Tofauti laki na elfu nne. Macho yake yakang'aa akasema si unaona mjomba. Nikamwambia tuendelee. Chumba Igoma analipa elfu thelathini, rafiki yake Mbagala analipa sitini, toa elfu thelathini. Huku anapanda daladala moja kwenda na moja kurudi, kule ni mbili kwenda mbili kurudi, kwa mia sita mia sita kwa siku ishirini na sita inazidi elfu thelathini na moja na mia mbili. Chakula cha mchana huku buku mbili kule buku tatu, toa elfu ishirini na sita. Tukabaki na elfu kumi na sita na mia nane. Akanyamaza. Nikamuuliza mama yako utakuja kumwona lini, akasema angalau Krismasi, basi nauli ya kuja na kurudi kwa ile bei niliyokuwa nakata siku hiyo ni laki na kumi, ukiigawa kwa miezi kumi na mbili ni elfu tisa na ushee kila mwezi. Ikabaki elfu saba na mia sita na kitu.

Elfu saba kwa mwezi. Ndo faida yote ya kuvuka mikoa mitano sita, na hapo tumemhesabia kana kwamba kila siku atapata kazi, wakati yeye mwenyewe alikiri rafiki yake kuna wiki anakaa geto siku tatu hajaitwa. Hii ya siku zisizo na kazi ndo inawaponza wengi. Kuna wachumi wawili, Harris na Todaro, mwaka 1970 waliandika kwamba mtu hafuati mshahara unaotajwa, anafuata mshahara ukiuzidisha na uwezekano wa kuupata, na mfano walioutazama ulikuwa hapa hapa kwa majirani zetu Kenya. Mwaka 1964 serikali ya kule, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuongeza ajira mjini ili kupunguza vijana wasio na kazi. Kilichotokea habari zikafika vijijini, watu wakaja wengi kuliko zile nafasi, foleni ikawa vile vile ndefu. Nikimwambia mtu hii anaonaga kama hadithi ila mimi naiona kila nikisikia fununu kwamba sehemu fulani kuna mradi umeanza, siku tatu nyingi hazipiti siti za huko zimeisha.

Kijana wetu hakwenda. Wiki iliyofuata alikuja tena, safari hii anataka Katoro, kuna binamu yake anasaga mawe ya dhahabu kwenye kalasha. Nauli ya Katoro hata ukitoka kapa unaweza kumpigia mtu simu akakutumia urudi. Sikumzuia. Ni kazi ngumu ina vumbi na mimi siipendi, ila hesabu yake ilikuwa sahihi na mwenyewe ndo aliyeipiga.

Ndo maana nasema umbali sio kilomita peke yake. Chukua ramani uangalie, kwa barabara kutoka hapa Mwanza Nairobi ni karibu kuliko Dar, na Kampala kupitia Bukoba na Mutukula nayo ni karibu kuliko Dar. Nairobi vibarua vinalipa kuliko vya kwetu. Ingekuwa ni kilomita na mshahara tu si stendi zetu zingekuwa zinapakia Nairobi kutwa? Lakini mtu akiniuliza nauli ya Nairobi ni mara chache sana. Kule kuna pasipoti, kuna kibali cha kazi, kuna lafudhi inayokuchoma ukifungua mdomo tu, na zaidi ya yote hana mtu. Dar iko zaidi ya kilomita elfu moja lakini shangazi yuko Gongo la Mboto, kaka wa jirani yuko Tandika, kuna mtu wa kulala kwake wiki mbili za mwanzo. Mimi kila anayekata tiketi ya mbali huwaga namuuliza, huko unafikia kwa nani? Miaka kumi na nne, walionijibu siendi kwa mtu yeyote nawahesabu kwa vidole na sitamaliza mikono miwili.

Enzi za mkoloni walilijua hili vizuri sana. Wenye mashamba ya mkonge Tanga walikuwa wanahitaji watu, mshahara wa shambani peke yake haukutosha kumtoa Muha Kigoma huko mpaka pwani, kwahiyo wakaanzisha ofisi yao ya kuajiri mwaka 1944, ikiitwa SILABU, wakawa wanamlipia mtu usafiri na chakula cha njiani kwenda na kurudi mkataba ukiisha. Ndo hao manamba wazee wanaowasimulia. Bila kulipiwa safari wasingewapata.

Na mimi mwenyewe niliwahi kwenda. Nimezaliwa Ukerewe, baba mvuvi, nilivyomaliza shule nikaja Mwanza na meli ya Nansio nikakaa kwa baba mdogo Kirumba nikawa nachuuza dagaa pale Mwaloni. Baada ya kama miaka mitatu hivi nikaona Mwanza imekuwa ndogo. Nikaenda Dar mwaka 2007, kuna mtu kaniahidi kazi ya store laki na ishirini kwa mwezi, nilivyofika siku ya kupokea nikapewa elfu themanini nikaambiwa hiyo nyingine ni ya chakula nilichokula kazini. Sina nauli ya kurudi, ningefanyaje? Nilikaa miaka miwili. Nikikumbuka kinachoniuma sio zile elfu arobaini, ni kwamba baba aliumwa nikiwa kule na sikuweza kuja kwa wakati, meli kutoka Mwanza kwenda Nansio ni masaa matatu hivi lakini mimi nilikuwa safari ya siku mbili na mfukoni nina elfu kumi na moja. Nilimkuta ameshazikwa. Sasa hiyo kwenye hesabu ya mshahara unaiandika wapi? Mimi sijui pa kuiandika, ila najua ipo, na vijana wengi wanaijua, ndo maana anakubali laki mbili ya Kahama anaacha laki tatu ya Dar.

Lakini simtetei kila anayebaki wala sisemi kuhama ni kubaya, hapo natofautiana kabisa na huyu mwandishi wa barua. Mwanangu anasoma pale chuo kikuu cha SAUT, likizo alinionyesha utafiti uliofanywa jirani zetu hapa Kagera, watu wa kwenye kaya zilizohojiwa 1991 mpaka 1994 walitafutwa tena 2004 popote walipo, hata waliohama mkoa. Wakawalinganisha watu waliotoka nyumba moja, aliyehama na aliyebaki. Ukuaji wa matumizi ya waliohama ulizidi ule wa ndugu zao waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Kwahiyo ukimrudisha kijana kutoka stendi unamnyima kitu cha kweli. Mtu asije akamwambia mtoto wa watu akalime eka moja ya mchanga halafu yeye mwenyewe anaandika barua akiwa mjini.

Na kuna sehemu ya pili ya utafiti huo ambayo ningependa viongozi wetu wa mkoa waisome mara mbili. Waliwafuatilia mpaka 2010, wakaangalia waliotoka kwenye umaskini walitokaje. Karibu nusu walitoka kwa kuacha kilimo na kuingia kwenye shughuli zingine huko huko vijijini au kuhamia miji midogo. Waliotoka kwa kwenda jiji kubwa ni mmoja kati ya saba tu. Ukimlinganisha mmoja mmoja aliyeenda jiji alikua zaidi kipato, sikatai, ila ni wachache wanaoweza kufika na kudumu kule, wakati mji mdogo unafikika kwa nauli ya kuuza kuku wawili, ukikwama unarudi, msimu wa mpunga unaenda kumsaidia mama unarudi tena kazini.

Sasa angalieni daraja la Kigongo na Busisi. Limefunguliwa Juni 2025, kilomita kama tatu juu ya maji, zamani pale ilikuwa kivuko na foleni, unaweza kukaa masaa, ukichelewa cha mwisho unalala kwenye gari na mbu. Saa hizi gari linapita kwa dakika chache. Sijaona mshahara wa mtu yeyote Mwanza ukipanda kwa ajili ya daraja, lakini watu wa Busisi na Sengerema ninaowafahamu wawili watatu wameacha vyumba vyao vya kupanga huku mjini, wanakuja kazini na kurudi kwao, ile kodi sasa ni hela yao. Kwao hiyo ni nyongeza ya mshahara kabisa. Sikatai kuna walioumia pia. Mama mmoja alikuwa anauza sato wa kukaanga pale kivukoni Kigongo miaka mingi, wateja wake walikuwa ni ile foleni, foleni ikaisha na biashara ikaisha. Mwezi uliopita kanipitia dirishani na majiko mawili na ndoo ya mafuta, anaenda Geita kwa mwanae akajaribu stendi ya kule. Huyo naye serikali ikumbuke kwamba kazi yake iliondoka siku moja na kivuko.

Halafu kuna walimu. Mshahara wa serikali ni ule ule, kima cha chini kimepanda kutoka 370,000 kwenda 500,000 tangu Julai 2025 na aliyeko kisiwani Ukara anapata sawa na aliyeko Ilala, Dar, wa daraja lake la mshahara. Kwa hesabu ya chumba na daladala wa Ukara angekuwa tajiri, samaki wa bei chee, kodi ndogo. Mbona wengi wanaopangiwa visiwani wanaanza kuomba uhamisho kabla hata godoro halijazoea kitanda? Mshahara ukiwa sawa kila mahali ndo unaliona vizuri lile lingine, mtoto akiugua usiku boti hakuna, mume yuko Dodoma, upepo ukichafuka ziwani unakaa siku mbili hujui kinachoendelea. Sisi tuliozaliwa visiwani tunaikumbuka ajali ya MV Nyerere ya 2018 kila tunapopanda kivuko. Posho ya umbali kwa hawa watu ingekuwa ni haki.

Na sheria ya kima cha chini kwa sekta binafsi nayo ipo kisekta, haiangalii mkoa. Amri iliyoanza kutumika Januari 2023 ilisema mfanyakazi wa ndani wa mwajiri wa kawaida, akiwa anaishi kwa mwajiri asipungue 60,000, akiwa anatoka kwake 120,000, iwe Masaki ya Dar iwe Nyakato ya hapa Mwanza. Mabinti hawajui hata kama kuna amri. Wanajua kitu kimoja, wametumiwa nauli.

Jumanne iliyopita alikuja mmoja, anasema ana miaka kumi na nane, kabeba mfuko wa salfeti wenye michembe ya viazi na kilo mbili tatu za dagaa za kumpelekea bosi anayeenda kumfanyia kazi za ndani. Akaniamkia shikamoo baba, nimetumiwa nauli ya Dar, na kweli hela ilikuwa imeingia kwenye simu yangu usiku kutoka kwa mwanamke nisiyemjua. Nikamuuliza utalipwa sh ngapi, akasema dada kasema tutaongea nikifika. Nikamuuliza na nauli hii ni ya kwako au utakatwa, hajui. Akaniuliza yeye sasa, baba na ya kurudi nayo ni bei hiyo hiyo? Nikasema ndio, hiyo hiyo. Akaihesabu kwa vidole, sijui alikuwa anahesabu miezi au nini, akachukua tiketi akaenda kukaa. Nilimwandikia namba yangu kwa kalamu nyuma ya tiketi nikamwambia usiitupe.

Kwahiyo Mhariri ombi langu ni dogo na naliandika kwa unyenyekevu. Ofisi ya kazi ya mkoa ibandike ubao mkubwa hapa Nyegezi na mwingine Nyamhongolo, kwa Kiswahili cha kawaida, kima cha chini cha kila sekta kwa amri inayotumika sasa hivi, na namba ya kupiga mtu akidhulumiwa huko alikoenda. Nauli tayari zipo, LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wanazipanga kwa kilomita na tunazibandika ukutani, basi mshahara ukae pembeni ya nauli, mtu asome vyote viwili akiwa bado na hela yake mkononi. Ukuta upo, upande wa kulia wa dirisha langu pana nafasi ya mita mbili haina kitu, na mwenye jengo nimeshamuuliza amekubali.

Wakala wa tiketi,
Stendi ya Nyegezi, Mwanza